Chupa Kwenye Pindo la Leso

Paka wote waliopita katika nyumba hii nawajua kwa majina, tangu yule wa kijivu aliyekuwa akilala juu ya kasha la mama mkwe wangu nilipoletwa hapa bibi harusi, mpaka yule mwekundu aliyekufa mwaka mmoja na mume wangu. Watu nao nawajua, na watoto wao, na waliouza nyumba zao mtaani wakahamia bara. Kusoma kwangu ni kwa chuoni, kwa Kurani, na shule ya serikali nilikwenda miaka mitatu tu, kwa hiyo mambo ambayo wengine huyaandika, mimi huyaweka kichwani. Majina hayo siyaandiki hapa. Ninayoandika ni habari ya kipaka mmoja ambaye sikumpa jina, na jinsi nilivyomharibia jicho kwa mikono yangu.

Aliyemleta ni mke wa mwanangu. Huyu ni binti wa Majengo, na wakati ule alikuwa na mimba ya miezi minne. Mwanangu anafanya kazi bandarini, zamu zake hazina mpango, basi mchana kutwa ndani ya nyumba tulikuwa wawili, mimi na yeye. Hatukuwa maadui, lakini tulikuwa hatujazoeana. Akipika, mimi nilikuwa nikingoja atoke jikoni, nionje chungu chake, niongeze chumvi. Naye nadhani alijua, maana siku nyingine nilikuta mkebe wa chumvi umewekwa juu kabisa, nisipofika.

Siku hiyo mvua ilikuwa imekatika. Alirudi sokoni na kikapu, na juu ya mchicha amelala kipaka mdogo wa kiganja, mweupe mwenye mabaka meusi, amelowa chapachapa. Alimwokota chini ya ngazi za mawe za nyumba ya jirani, analia, mama yake haonekani.

"Mama, ndoo utazame," aliniita. "Nimekuletea mgeni. Tazama macho yake! Kama shanga za kioo. Mimi sijaona paka mwenye macho mazuri hivi."

Nikangoja. Kwetu mtu akisifu kitu kichanga, awe mtoto, au kifaranga, au hata mche wa mrihani, humalizia kwa mashaallah. Nilingoja amalizie, naye akageuka kwenda jikoni kutafuta maziwa. Nikaisema mimi kimoyomoyo, lakini roho yangu ikashikwa na jambo hilo, ikakaa nalo.

Siku ya tatu kipaka akaanza kupiga chafya. Alipiga saba, nane kwa mfululizo, mpaka kichwa chake kikagonga sakafu. Siku ya nne asubuhi nilimkuta kwenye kiti changu, macho yote mawili yamefungwa na matongo yaliyokauka, pua imeziba, anahema kwa mdomo. Niliyaosha kwa maji ya moto yenye chumvi na pamba. La kushoto likafunguka. La kulia lilifunguka nusu tu, jekundu, limevimba.

"Mato yamegandama," nilimwambia mke wa mwanangu.

"Labda ni mafua, mama. Alinyeshewa."

"Si mafua."

"Ni nini basi?"

"Macho yamesifiwa, na macho ndiyo yaliyoumwa. Wewe wajua."

Alinitazama, kisha akatazama chini, akaendelea kupepeta mchele. Mimi nilichukua kimya chake kuwa ni kukubali.

Ilikuwa Alhamisi. Baada ya sala ya alasiri niliwasha makaa, nikayatia kwenye chetezo, nikanyunyiza ubani na chumvi ya mawe kama alivyokuwa akifanya mama yangu mtoto akipatwa na husuda. Nikamfunga kipaka ndani ya leso, kichwa kimejitokeza, nikamzungusha juu ya moshi mara saba, huku nikisoma nilichojua kusoma. Mara ya tatu alianza kukohoa. Mara ya tano akafungua mdomo wote, ulimi nje, asitoe sauti.

Mke wa mwanangu alisimama mlangoni, kaziba pua kwa ushungi, maana siku zile harufu yoyote kali ilimchafua roho.

"Mama, hawezi kupumua."

"Anakitoa hicho kijicho," nikasema. "Muache akitoe."

Nikamalizia zote saba.

Tangu jioni ile hakula tena. Nilimpa maziwa, nikampa nguru wa kuchemsha niliyemchambua miiba kwa vidole, akaweka pua karibu na kisahani, akaondoka kama mtu aliyewekewa sahani tupu. Uti wa mgongo wake ukaanza kuhesabika mkononi. Nilipokuwa peke yangu nilimweka kifuani, ndani ya gauni, nikausikia moyo wake unakwenda mbio. Na hapo ndipo nilipokumbuka ile chupa.

Mwaka uliotangulia nilikuwa nimepasuliwa mtoto wa jicho. Miaka miwili mizima nilikuwa nikiwaona watu kama wamesimama nyuma ya chandarua, nikiwatambua kwa sauti na kwa mwendo. Baada ya upasuaji nilipewa chupa ndogo ya matone yenye kifuniko cheupe. Jicho lilikuwa jekundu kama pilipili, na kwa matone yale lilitulia siku baada ya siku, mpaka asubuhi moja nikauona uso wa mwanangu, nikaona ameanza kuota mvi. Nililia. Matone yaliyobaki sikuyatupa. Niliyaweka kabatini pamoja na halud na marashi, kwa sababu kwangu mimi kilikuwa kitu cha thamani.

Kwenye chupa yameandikwa maandishi madogo. Sikumpa mtu anisomee. Nani asiyejua dawa yake mwenyewe?

Nilimtia kipaka tone moja katika lile jicho la kulia, baada ya sala ya alfajiri, na jingine adhuhuri. Kesho yake wekundu ulikuwa umepungua. Wallahi ulipungua, nilimpeleka dirishani nikatazama vizuri. Siku ya tatu lilifunguka zaidi. Nikafurahi, na furaha yenyewe ilikuwa na ubaya ndani yake, maana nilikuwa nikimtazama mke wa mwanangu anavyopita na ndoo zake nikiwaza: wewe umeharibu, mimi natengeneza. Chupa niliifunga kwenye pindo la leso yangu, lile fundo ninalofungia vitu nisivyotaka vipotee, nikawa natembea nayo kutwa.

Siku ya nne ya matone hayo jicho likaingia ukungu. Kioo chake, pale palipokuwa peusi penye kung'aa, pakawa rangi ya maji ya mchele.

Mke wa mwanangu ndiye aliyeona kwanza. Alivaa buibui, akatafuta kikapu chenye kifuniko, akatandika kitambaa ndani.

"Tunakwenda kwa daktari wa wanyama," akasema.

"Paka wa nyumba hii hawajapelekwa kwa daktari."

"Huyu atapelekwa. Ukitaka kubaki, baki, mama. Nitampeleka mimi."

Sikubaki. Tulichukua tuktuk mbele ya Ngome, tukatoka Mji wa Kale, kikapu kimekaa katikati yetu kama mtu wa tatu. Njia nzima nilikuwa nimeshika lile fundo la leso chini ya buibui.

Kliniki ilikuwa chumba kimoja chenye benchi. Msichana wa mapokezi alichukua kadi akauliza, "Jina la paka?"

Nilikuwa nafungua mdomo kusema hana. Mke wa mwanangu akamjibu pale pale, bila kufikiri, jina zuri, fupi. Akaandikiwa. Nilimtazama.

"Umempa lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Namwita tukiwa jikoni."

Mimi ninayejua jina la kila kiumbe aliyelala chini ya dari ile, jina hilo nalisikia kwa mara ya kwanza mbele ya watu nisiowajua. Nilikaa kwenye benchi.

Daktari alikuwa binti wa Kigiriama, mdogo kuliko mwanangu, mikono yake laini na haina haraka. Alimpima kipaka, akamsikiliza kifua, akatia tone la rangi ya manjano ndani ya jicho, akamulika kwa taa ya samawati. Lile jicho la kulia likawaka kijani, mstari wenye matawi matawi. Alisema hicho ndicho kidonda. Ugonjwa wenyewe ni kirusi cha paka, herpesi, na huwapata watoto wengi wa paka wa mitaani, mara nyingi kutoka kwa mama zao. Huwa kimelala mwilini, halafu kipaka akilowa au akipatwa na wahka, kinaamka.

"Kwa hiyo alikuwa nacho kabla hajaletwa nyumbani?" niliuliza.

"Bila shaka, nyanya. Alizaliwa akakikuta."

Mke wa mwanangu hakugeuka kunitazama. Afadhali angegeuka.

"Na mimi?" akauliza yeye, mkono juu ya tumbo.

"Hiki hakimpati binadamu. Lakini mchanga anamojisaidia, asafishe mtu mwingine mpaka ujifungue. Hiyo ni habari nyingine, kinyesi cha paka kinaweza kudhuru mimba." Kisha daktari akanigeukia mimi. "Nyanya, mmemtia dawa yoyote jichoni?"

Hapo ndipo ningesema. Nimelifikiria swali lile mara nyingi tangu siku hiyo. Lilikuwa swali jepesi, limeulizwa kwa upole, na fundo la leso nilikuwa nimelishika mkononi.

"Maji ya chumvi tu," nikasema.

"Na moshi? Udi, ubani? Moshi unamchoma macho na kifua. Mvuke ni mzuri, mkae naye chooni maji ya moto yakimwagika. Moshi hapana."

"Hapana," nikasema, na mke wa mwanangu akatazama ukutani, palipobandikwa picha ya ng'ombe.

Tulipewa matone ya kupigana na kirusi, mara tano kwa siku, yakae ndani ya friji, na mafuta ya kupaka jichoni usiku. Daktari alisema chakula kipashwe moto na kiwe na harufu kali, maana paka asiyenusa hali. Kwa kuwa mikono yangu inatetemeka, kazi ya matone alikabidhiwa mke wa mwanangu.

Aliifanya kama ibada. Alimfunga kipaka taulo, akamweka juu ya mapaja karibu na lile tumbo, akahesabu kwa sauti, moja, akasubiri, akampangusa. Alipasha dagaa mpaka nyumba nzima ikanuka, naye mwenyewe anakimbia kutapika kisha anarudi. Siku ya pili kipaka alikula. Alikula kidogo, kwa kelele, kama mzee asiye na meno, nasi wote wawili tukasimama tukimtazama.

Na mimi? Mimi niliendelea. Sijui nieleze vipi mtu anielewe. Dawa ya daktari niliiona ni ya polepole. Yangu niliiona kwa macho yangu ikitoa wekundu, na macho hayo yenyewe ni dawa hiyo iliyonirudishia. Nikajiambia ukungu umeletwa na ugonjwa, dawa mbili hushinda moja. Na kulikuwa na jambo jingine, dogo na baya zaidi: kama nikiacha, nimekubali kuwa nilikosea. Basi kila alfajiri, mke wa mwanangu akiwa bado kitandani, nilifungua pindo la leso nikatia tone moja.

Baada ya wiki moja tulirudi. Pua ilikuwa imepona, jicho la kushoto safi, kipaka ameongezeka uzito. Daktari alitabasamu mpaka alipofika jicho la kulia. Akatia ile rangi, akawasha taa, akainama muda mrefu.

"Sielewi," akasema. "Dawa hii kwa kawaida husaidia. Hapa kidonda kimezidi kwenda ndani. Kikitoboka, jicho tutalitoa." Akamtazama mke wa mwanangu. "Dada, unatia mara tano kweli? Hukosi hata mara moja? Chupa unaiweka kwenye friji?"

"Natia, daktari."

"Na huchanganyi na kitu?"

"Sichanganyi."

Daktari hakumwamini, ilionekana usoni. Mke wa mwanangu alikuwa amemshika kipaka kwa mikono yote miwili, vidole vyake vinanuka dagaa na dawa, na akasema kwa sauti ya chini, "Labda nimekosea mimi. Labda mkono wangu si mzuri."

Alitamka hivyo, mkono wangu si mzuri, na nilijua ni mimi niliyelitia neno hilo ndani yake, tangu ile siku alipokuwa akipepeta mchele. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango. Ningeweza kubaki pale. Tungerudi nyumbani, jicho lingetolewa, naye angebeba lawama hiyo maisha yake yote, na mtu asingejua.

Nikainuka. Fundo lilikuwa limekaza kwa kufungwa na kufunguliwa, vidole vyangu vikashindwa, nikalifungua kwa meno mbele yao. Nikaiweka chupa juu ya meza ya chuma.

"Hii ni dawa yangu mimi," nikasema. "Namtia kila alfajiri, tangu kabla hatujaja hapa. Na ubani nilimfukiza. Yeye hana kosa lolote. Nilikudanganya, daktari."

Daktari aliisoma chupa, akaisoma tena, akaketi. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alisema dawa ile inafaa kwa jicho lililopasuliwa kama langu, kwa sababu inapoza uvimbe. Lakini ikipoza, inauzuia mwili usipigane, na kirusi kile kikipata nafasi kama hiyo kinalila jicho huku kwa nje linaonekana limetulia. "Ndiyo maana ulidhani linapona, nyanya."

"Litapona sasa?"

"La kuona, sidhani. Tujaribu lisitoboke."

Tulipanda tuktuk kurudi. Dereva alikuwa akizungumza kwa simu, anacheka. Tulipofika karibu na Ngome, pale watembezaji wa wageni wanapokaa kivulini, mke wa mwanangu akasema bila kunitazama:

"Nilisema, mama."

"Ulisema nini?"

"Siku ile nilipomleta. Mashaallah. Niliisema nikiwa jikoni namtafutia maziwa. Wewe hukusikia."

Nilimwambia mwanangu yote jioni hiyo, akafungua mdomo kunitetea, mkewe akamwambia, "Muache mama amalize." Nikamaliza.

Jicho halikutoboka. Lilifunga kovu, likawa jeupe kama punje ya mchele iliyoiva. Kipaka alikua, akajifunza kuruka kwa kukisia upande wa kulia, na mara nyingine hukosea akaanguka kutoka kwenye kiti, akajilamba kana kwamba ameanguka kwa kupenda. Kila akianguka mimi husimama. Daktari alituambia kirusi hakitatoka mwilini. Kitalala, na siku ya vurugu ndani ya nyumba kinaweza kuamka tena, na sasa jicho lililobaki ni moja.

Mjukuu wangu alizaliwa, mtoto wa kike, na siku ya arobaini nyumba ikajaa wanawake wa Majengo. Walipanda ngazi kwa vigelegele, masinia, watoto, viti vinaburutwa. Nilikuwa nimejifungia chumbani na kipaka tangu asubuhi, nimemfunika masikio kwa kiganja, na yeye anatetemeka. Harufu ya ubani ikaanza kuingia chini ya mlango.

Kisha nikamsikia mke wa mwanangu ukumbini. "Mama, hicho chetezo kipelekeni juu darini, penye upepo."

"Nguo za mtoto zifukizwe darini?" Huyo ni mamake. "Zimekuwa dagaa za kuanikwa?"

"Kuna mgonjwa ndani, mama. Moshi haufai."

"Mgonjwa gani? Mama mkwe wako?"

"Paka wake."

Wanawake wakaangua kicheko. Mmoja akauliza kwa sauti, "Yule chongo?" Lakini nikasikia miguu ya mtu inapanda ngazi ya dari, na harufu ikapungua.

Nilipomgeuza kipaka kwenye mwanga wa dirisha, alipiga chafya mbili. Nilimpangusa. Jicho la kushoto, lile zima, lilikuwa limelowa ukingoni, na chozi jembamba limeshuka mpaka kwenye pua.

Nilifungua mlango. Ukumbi wote ukageuka kunitazama, ajuza mwenye paka kifuani siku ya sherehe. Mke wa mwanangu alikuwa ameketi kwenye mkeka, mtoto ananyonya.

"Limeanza," nikamwambia, mbele yao wote. "Lile zima linatoa machozi. Nimeliona sasa hivi, na sikutia kitu chochote. Sina kitu."

Alisogea, akanipa nafasi kando yake. "Leta nione, mama." Akamtuma mmoja kwenye friji, chupa mpya aliyotupa daktari tukae nayo ikaletwa, baridi, bado haijatumika. Alikuwa na mtoto mkono mmoja, hivyo kwa mkono wa pili akaushikilia mkono wangu kwenye kifundo usitetemeke, nami nikaiinamisha chupa.

"Moja," akahesabu.

Tone likaanguka ndani. Kipaka akapepesa, akapiga chafya usoni mwangu, na sisi tukamsubiri alifungue.